Mji Kasoro Bahari: Siku Niliyompeleka Mama Morogoro kwa Treni

Leo nina maneno niliyokaa nayo moyoni tangu likizo ya skuli. Mengine ni ya furaha, mengine ni ya kujisema mwenyewe. Nayaandika yote, maana huenda kuna dada atakayejiona ndani yake.

Habari ilianza kwenye simu. Mdogo wangu anaishi Ujerumani ya kusini na mumewe na watoto. Siku moja akatuma picha kwenye kundi la familia: wamepanda treni asubuhi kutoka München, baada ya saa mbili hivi wako Innsbruck, mji wa Austria ulio katikati ya milima ya Alps. Jina lake maana yake ni daraja la mto Inn, na mto wenyewe unapita katikati ya mji. Wakatembea mji mkongwe, wakala aiskrimu, kisha wakapanda treni ndogo ya mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2007, na kutoka hapo vigari vya kamba vikawapandisha mpaka Hafelekar, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Jioni wakarudi kwao. Siku moja tu.

Mama yangu akazitazama zile picha kwa muda mrefu. Miwani puani, simu kaiweka mbali kidogo kama wafanyavyo wazee wetu. Akaniuliza, "Hivi sisi hatuna milima?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, tunayo. Kilimanjaro iko wapi?" Akasema, "Hiyo ya kwenye noti na kalenda naijua. Nauliza mlima wa kwenda mtu na kurudi."

Hapo nikanyamaza. Mama yangu ana miaka sitini na minane. Ameleta watoto sita duniani, amepika, amefua, ameuza mkate wa kumimina mpaka tukamaliza skuli. Bara ameshafika mara nyingi: Muhimbili kuuguza, Kariakoo kununua vitu vya harusi, Tanga kwenye msiba. Hajapata kusafiri hata mara moja kwa ajili ya kuangalia tu. Kila safari yake ilikuwa na kazi ndani yake.

Kwa hiyo maoni yangu ya leo ni haya, na nayasema mapema ili asiyetaka kusoma mpaka mwisho ayachukue aende nayo: tuwatembeze mama zetu wakiwa hai na miguu yao ingali inawabeba, na tukiwatembeza, safari iende kwa mwendo wao. Sehemu ya kwanza niliijua. Ya pili nilifunzwa Morogoro, na nilifunzwa kwa aibu.

Kwa nini Morogoro

Morogoro wenyewe wanauita mji kasoro bahari. Wanasema kila kitu wamejaaliwa, milima, mito, ardhi ya rutuba, kilichopungua ni bahari tu. Mimi nikajiambia, sisi wa Unguja bahari tunayo ya kutosha, tukachukue huo upande mwingine.

Ukiilinganisha na Innsbruck si mzaha. Innsbruck iko kama mita 570 juu ya usawa wa bahari, Morogoro iko kama mita 500. Kila mji umeegemea ukuta wa mlima. Wao wana safu ya Nordkette juu ya vichwa vyao, Morogoro ina Uluguru, na kilele cha Lupanga kinachoutazama mji kinapita mita 2,100. Huko nyuma zaidi kuna kilele cha Kimhandu, kinachopita mita 2,600. Theluji hatuna. Lakini msitu tunao, na misitu ile ya Uluguru ni katika safu za Tao la Mashariki, ambako wataalamu wamekuta mimea na wanyama wasiopatikana popote pengine duniani.

Na sasa treni ipo. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000 mpaka Morogoro. Nakuombeni tuwe wakweli. Kuna mwanamke miongoni mwetu ambaye hajatoa zaidi ya hizo kwa sare ya harusi ya mtu asiyemjua vizuri, sare aliyoivaa mara moja ikaingia kabatini? Mimi ninazo nne. Tunasema hatuna pesa ya kutembea, kumbe tunayo, ila tumeshaishona.

Asubuhi ya treni

Tulivuka na boti siku moja kabla, tukalala kwa shangazi Ilala. Tulikuwa sita: mama, mimi, mume wangu, wavulana wawili na binti yangu mdogo wa miaka saba. Alfajiri tukasali, tukanywa chai, saa kumi na moja tuko stesheni. Jengo lile limechorwa kwa mfano wa jiwe la tanzanite, na wanangu walipiga picha mpaka nikawaambia treni haitusubiri.

Mama alikuwa kimya. Ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, baibui limenyooshwa pasi, viatu vipya. Treni ilipoanza kuondoka hakuhisi. Akauliza, "Mbona haitikisiki? Tumeshaondoka?" Binti yangu akamwonyesha dirishani nyumba zinavyorudi nyuma. Mama akasema bibi yake alikuwa akiwahadithia juu ya gari la moshi la Bububu, lilivyokuwa likipita Darajani karibu na milango ya watu, likipuliza moshi na watoto wakilikimbilia. Wanangu hawakuamini. Ilibidi niwaambie ni kweli: Unguja ilikuwa na reli yake mwanzoni mwa karne iliyopita, kama maili saba kutoka mjini mpaka Bububu, ikijengwa na kampuni ya Kimarekani, na ilikufa miaka ya 1920. Na hii reli ya zamani ya bara, Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kijana wangu mkubwa akasema, "Kwa hiyo bibi yake bibi alipanda treni kabla yetu?" Mama akacheka mpaka akafuta machozi.

Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere. Mashamba, minazi ikapungua, vichaka, ng'ombe, udongo mwekundu. Halafu upande wa kushoto ikaanza kutokea rangi ya buluu chini ya mawingu. Nilidhani ni mawingu mazito. Mama ndiye aliyesema kwanza, "Ile siyo mvua. Ile ni nchi." Akaitazama mpaka tukasimama. Chuoni tulifundishwa kwamba milima ni vigingi vya ardhi, na mama amelisoma hilo maisha yake yote kwenye kisiwa kisicho na mlima. Sikumsemesha.

Nilipokosea

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Stesheni mpya iko Kihonda, nje kidogo ya mji, tukachukua bajaji mbili mpaka sokoni. Soko Kuu la Chifu Kingalu lina jina la machifu wa Waluguru, na vitu vilivyoshuka mlimani vimejaa: karoti, kabeji, ndizi za aina ambazo sijui kuzitaja, maparachichi, viungo. Mama alitaka kupita kila meza. Anashika, ananusa, anauliza bei bila ya kununua, anasalimia. Mimi naangalia saa. Nilikuwa na mpango, wapenzi. Nilikuwa nimeuandika kwenye simu: saa tatu soko, saa nne kuanza kupanda kwenda Morningside, saa saba kushuka, saa nane chakula, saa kumi kurudi stesheni.

Morningside ni jengo kongwe la enzi ya Wajerumani, liko juu ya mteremko wa Uluguru, na kulifikia kwa miguu kutoka mjini ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa mtu mwenye pumzi. Nilishaona picha za watu wamesimama pale, mji mzima chini yao. Nikaitaka picha ile. Nikataka kuituma kwenye kundi la familia ili mdogo wangu aone kuwa na sisi tunayo Innsbruck yetu.

Tulipofika mwanzo wa njia, mama akapanda kama dakika kumi. Akasimama. Akapanda tena. Akasimama. Magoti yake nayajua, dawa zake mimi ndiye ninayemnunulia. Viatu vilikuwa vipya vya kutokea, si vya mlima, na ni mimi niliyemwambia avivae apendeze. Akakaa juu ya jiwe, akasema, "Nyinyi endeni, mimi nitakungojeni hapa."

Nikamwambia mume wangu, kwa sauti niliyodhani ni ya chini, "Ndiyo maana nilisema bora tungemwacha kwa shangazi."

Alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu alianza kulikunja na kulikunjua baibui lake magotini, kama afanyavyo akiwa anameza jambo. Hakunijibu. Mama zetu ndivyo walivyo, wakiumia wanapanga nguo.

Mume wangu, Mola amlipe, hakusema neno kwangu. Akachukua wavulana, akasema, "Sisi tutapanda kidogo turudi. Nyie wanawake shukeni mkakae kwenye maji." Ndivyo tulivyofanya. Tukashuka polepole mpaka Rock Garden, bustani iliyo chini ya mlima, ambako kijito kinashuka baina ya mawe makubwa na miti mirefu. Mama akavua viatu. Akatia miguu ndani ya maji. Akasema, "Allah! Baridi!" kwa sauti ya msichana.

Kikapu cha mama wa Kiluguru

Nje ya bustani, tulipotoka kutafuta matunda, alikuwapo mama mmoja wa makamo na kikapu cha ndizi na mapera. Mama akakaa naye kwenye kivuli. Nilijua hatutatoka pale karibuni, na safari hii sikuangalia saa.

Yule mama alituambia ametoka mlimani kabla ya kucha, kikapu kichwani, na jioni ataipanda tena njia ileile. Njia niliyoitaka mimi kwa picha ndiyo njia yake ya sokoni, anaipita kila wiki. Mama akamuuliza magoti. Akasema magoti yanauma, lakini kikapu hakijui. Wakacheka wote wawili kicheko cha watu wanaofahamiana.

Wakafika kwenye ukoo. Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi za ukoo kwa desturi zimekuwa zikirithiwa upande huo. Akatuuliza, na kwenu je? Mama akajibu, "Kwetu ni wa baba. Lakini akiumwa usiku anamwita nani?" Basi wakacheka tena, binti yangu naye akicheka bila kujua anachokichekea.

Pale ndipo nilipomwona mama yangu. Si mama wa jikoni wala mama wa dawa za magoti. Nilimwona mwanamke mwenye hamu ya dunia, anayeuliza maswali, aliyesubiri miaka sitini na minane apate mtu wa kumuuliza. Na mimi nilikuwa tayari kumwacha Ilala kwa sababu anapunguza mwendo.

Nikamwomba radhi njiani tukirudi. Akanipiga kibao kidogo cha mkono, akasema, "Wewe ulikuwa ukitambaa mpaka mwaka na nusu. Nilikungoja." Hakuongeza kitu, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Ninachotaka kukwambia, dada

Kwanza, usiupange mwendo wa safari ya familia kwa mwenye miguu mizuri kuliko wote. Uupange kwa bibi na kwa mtoto mdogo. Vijana wakitaka kupanda mpaka juu, wapande, wana miaka mingi ya kurudi. Mzee hana. Na ukweli ni kwamba wavulana wangu walirudi na picha nzuri kutoka kwenye kingo ya njia, lakini hadithi waliyoihadithia Unguja ni ya bibi yao na maji ya baridi.

Pili, na hili nalisema kwa wanaohusika na utalii wetu: milima isiwe ya vijana na wageni wenye viatu maalumu tu. Sidai vigari vya kamba kama vya Innsbruck. Kule bibi wa miaka themanini anafika juu ya mita 2,200 bila kutoka jasho, lakini vigari vile wameviendesha tangu mwaka 1928, wana karibu karne nzima ya kuvizoea. Mimi naomba benchi. Benchi la mbao kila baada ya mwendo mfupi, choo safi, mahali pa kutawadha na kusali, na kibao kinachosema kutoka hapa mpaka pale ni dakika ngapi. Hayo hayagharimu reli. Yakiwapo, mama zetu watapanda, na tukija na mama zetu tunakuja na wajukuu, na wajukuu wanakula, na yule mama wa mapera anauza kikapu chake kabla ya adhuhuri.

Tatu, tujitazame na sisi kina mama wa makamo. Siku ile mimi niliamka saa tisa usiku kukaanga sambusa na kufunga chakula cha watu sita, nikabeba mkoba wa kila mtu, nikawa karani wa ratiba. Nilikuwa nimechoka kabla treni haijaondoka, na uchovu ule ndio uliosema yale maneno pale mlimani. Sijitetei, nakuonya. Safari ambayo mama wa nyumba anaifanya kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho, yeye peke yake hajasafiri. Nunueni chakula huko huko, hata kama ni wali maharage. Mgawieni kila mtoto mkoba wake. Na sala msiifanye mzigo: msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya, muulize mwalimu wako kabla ya kuondoka, ujue mapema utasali wapi na lini, moyo utulie.

Nne, mambo madogo. Kata tiketi siku kadhaa kabla, hasa wikiendi na likizo. Chukua kitambulisho. Fika stesheni mapema, treni hii haina "subiri kidogo". Mzee avae viatu alivyovizoea. Chukua sweta, Julai Morogoro asubuhi ina baridi kwa mtu wa pwani. Na siku moja inatosha ukiwa umelala Dar es Salaam, lakini ukijaaliwa usiku mmoja kule, usiukatae.

Treni ya jioni ilipoondoka, mama aliomba kiti cha dirishani upande ule ule wa mlima. Wingu lilikuwa limeshashuka, kilele hakionekani. Mume wangu akamweleza kwamba vijito tulivyoviona vinaingia mto Ngerengere, na Ngerengere inaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam, na yanayobaki yanaingia baharini karibu na Bagamoyo, ambako ukivuka moja kwa moja unafika kwetu.

Mama akafikiri. Akasema, "Basi hawakukosa bahari. Wanaipelekea maji."

Binti yangu alikuwa ameshalala mapajani mwake. Yeye hakulala mpaka Pugu, alikuwa akiangalia nje gizani.

Wapenzi, kama mama yako yuhai, muulize wiki hii: kuna mahali unapotaka kupaona, pasipo mgonjwa, pasipo harusi wala msiba? Halafu mngoje ajibu. Huenda atachukua muda, maana hajazoea kuulizwa.

Mola awahifadhi walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie wepesi wa kuwangoja. Amin.